Risasi Zimo Makhzan

Mwanangu Hisham hanilazimishi kitu. Anachofanya ni kibaya zaidi: huniletea uamuzi wake akauita ombi. Ijumaa ile alikuja kutoka Sib na mkewe, tukala, akanywa kahawa finjani tatu, akaitikisa finjani kuonyesha ametosheka, ndipo akaanza.

"Mama, nyumba hii imeshakuwa kubwa kwako."

"Haijaongezeka hata tofali moja tangu tuijenge," nikamwambia.

Akacheka, lakini hakuacha. Kwao kuna chumba cha chini, kina choo chake na mlango wa kutokea uani. Nyumba yangu ya Al Khoudh tutawapangisha waalimu wa chuo kikuu. Nitawaona wajukuu kila siku. Maneno matamu yote, na kila moja lilikuwa linanitoa nyumbani kwangu.

Najua lilikotoka. Wiki mbili kabla ya hapo wezi walivunja nyumba ya jirani yangu wakati wenyewe wamekwenda mapumziko Salala, kufuata mvua za huko. Walichukua dhahabu, televisheni, na kwa sababu ambayo mpaka leo hatuijui, mashine ya kusagia nyama. Tangu siku hiyo Hisham alikuwa hapati usingizi. Mama yake mjane, miaka sitini na tatu, yuko peke yake na mtumishi mmoja katika nyumba ya vyumba sita.

Mimi nimekaa humu miaka ishirini na sita. Kila kigae nilikichagua mwenyewe, na mafundi wa mwanzo niliwafukuza kwa sababu ya ukuta uliopinda upana wa kidole. Marehemu mume wangu, Majid, alifia katika chumba chetu, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Habari za kuhama sikutaka hata kuzisikia. Basi nikasema bila ya kufikiri:

"Mimi siogopi wezi. Nna bastola ya baba yako."

Hisham akakaa wima. "Baba alikuwa na bastola?"

Alikuwa nayo. Zamani Majid alisimamia kambi za wajenzi wa barabara huko ndani jangwani, na akapewa rukhsa ya silaha. Alipostaafu aliiweka ndani ya kasha dogo la chuma juu ya kabati, akawa haizungumzii tena. Nami sikuuliza. Nilijua iko, basi.

Tukabishana mpaka alasiri. Mwisho Hisham akashika mkono wangu kwa heshima zote, akasema, "Mimi siwezi kukulazimisha, mama. Lakini tuwekeane ahadi. Kama unataka kukaa na silaha, ifanyie rukhsa kwa jina lako na ujifunze kuitumia, upasi kama watu. Ukishindwa, au ukibadilisha rai, unahamia kwetu."

"Haya, nimekubali," nikasema, kwa hasira, na tukapeana mikono.

*

Sasa nieleze jambo moja, maana ndilo lililokuja kunitoa jasho.

Majid alipobakiwa na siku chache, pumzi ilikuwa imemkatika, anasema neno moja, anapumzika, anasema la pili. Siku moja baada ya adhuhuri aliniita karibu. Akanambia ufunguo wa kasha umo ndani ya mkoba wa pasi za kusafiria. Halafu akasema, "Mahfudha. Ile bastola. Angalia, risasi zimo makhzan."

Nikamwambia nimesikia, apumzike.

Nyumba zetu hizi, kila mtu anajua makhzan ni nini. Ni kile chumba nyuma ya jiko, chenye magunia ya mchele, makatoni ya maji na masufuria makubwa yanayotoka Idi mpaka Idi. Nilipomaliza eda niliingia humo kuangalia, kama alivyonambia. Nikahamisha masufuria, na nyuma yake nikakuta mkebe wa biskuti. Ndani ya mkebe, boksi la risasi. Nikaufunika nikaurudisha pale pale. Moyo wangu ukatulia: bastola iko juu ya kabati haina kitu, na risasi zake ziko huku nyuma ya jiko. Majid alikuwa mtu wa mpangilio, na nikamwombea dua.

Asubuhi baada ya ile ahadi ya Hisham nililiteremsha kasha, nikalifungua juu ya meza ya sebuleni. Ilikuwa nyeusi, ndogo kuliko nilivyodhani, na nzito kuliko inavyoonekana. Nikaifuta kwa kitambaa. Nikafungua simu, nikamkuta bwana mmoja mnene wa Kimarekani anafundisha. Sikumwelewa yote lakini niliona anavyofanya: kwanza anakivuta nyuma kile kipande cha juu cha chuma, anakiachia, halafu ndiyo anafyatua.

Mlangoni alikuwa amesimama mtumishi wangu, Veneranda, na ufagio. Huyu ni mtu wa Bukoba, mama wa watoto watatu walio kwa bibi yao, na alikuwa kwangu mwaka wa nne. Yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza Majid kitandani wakati mimi mikono yangu imekataa. Nina baridi yabisi ya vidole. Mtungi wa achari nisingeweza kuufungua hata kwa kutishiwa, hufungua yeye.

"Mama, hicho ni nini?" akauliza.

"Kwani huoni?"

Nikaielekeza bastola dirishani, nikabonyeza. Ikalia *tak*. Nikafurahi, nasema kweli. Nikahisi nimekuwa mtu wa kuogopwa. Nikamwambia, "Hebu simama vizuri hapo mlangoni, uwe wewe ndiye mwizi."

"Mimi siwi mwizi, mama. Hata kwa mchezo."

"Basi simama tu kama ulivyo." Nikamwelekezea, nikabonyeza. *Tak*. "Umeshakufa," nikamwambia, nikacheka peke yangu.

Halafu nikajaribu kukivuta kile kipande cha juu, kama yule bwana wa kwenye simu. Hakikusogea. Nikajaribu kwa mikono miwili, vidole vikaniuma mpaka machozi yakanilenga. Nikamwita.

"Njoo univutie hapa."

Hakuja. "Hapana, mama. Hiyo sigusi."

"Haina kitu ndani! Risasi zimo makhzan, nyuma ya masufuria. Nimeziona kwa macho yangu."

"Hata kama."

"Mikono yote hiyo, inabeba gunia la mchele, leo imeshindwa na kijichuma hiki?"

Akaegemeza ufagio ukutani taratibu. "Mama, kazi yoyote ukinipa nafanya. Usiku wa manane ukiniita naamka. Lakini hiyo hapana. Naomba unisamehe."

Sikumsamehe. Mimi nimekuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa hisabati, na watu wamezoea nikisema njoo wanakuja. Nikamwita mwoga. Nikamwambia kama angekuwa anajali usalama wangu angesaidia, kwamba marehemu asingekubali kuona ninakataliwa ndani ya nyumba yangu. Kisha nikamnunia. Sisi wawili huwa tunakula chakula cha mchana pamoja kwenye meza ya jikoni. Tangu Majid afariki hatujawahi kula mbali mbali. Siku tatu nilimwagiza aniletee sahani sebuleni, nikala nikitazama habari. Siku ya nne niliuona uso wake umesawajika, nikarudi jikoni bila kusema lolote, tukaendelea. Kuomba radhi hakukunijia akilini.

*

Nilipowapigia simu polisi, askari aliyepokea alinieleza kwa adabu kubwa, zaidi ya niliyostahiki, maana nilikuwa nimechelewa miezi. Silaha ya marehemu haikai nyumbani hivi hivi. Ama mrithi anaomba rukhsa mpya, ama inarudishwa. Lakini kabla ya yote ipelekwe kwa fundi mwenye idhini, ndani ya kasha lililofungwa, aikague na aniandikie karatasi. Akanipa jina la Badr, Wadi Kabir.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Kasha nililitia butini, nimelizungushia mablanketi. Veneranda alikaa mbele kando yangu. Alitaka tukirudi tupite Ruwi akatafute ndizi mbichi za kwao. Njia nzima alinihadithia harusi ya mdogo wake. Tulikuwa tumeshapatana, au mimi nilidhani hivyo.

Duka la Badr liko baina ya gereji na muuza matairi, na nje yake kuna kimgahawa cha chai. Veneranda akabaki pale na chai ya karak. Mimi nikaingia na kasha langu, nimelipakata kama keki.

Badr alikuwa kijana wa miaka arubaini hivi, mpole, ana nywele za mvi za mapema. Bibi yake alikuwa mtu wa Pemba, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho, anakichanganya na Kiarabu kama tunavyochanganya sote. Akanipa kiti. Akaniuliza kabla ya kufungua chochote:

"Iko tupu, Bi Mahfudha?"

"Tupu."

"Nani kahakikisha?"

"Mume wangu, Mungu amrehemu. Kanambia kwa kinywa chake."

Akaitoa, mdomo wa mtutu akauelekeza kwenye ndoo ya mchanga iliyokuwa pembeni, akabonyeza kitu kwa kidole gumba. Kwenye mpini kikateremka kidubwana kirefu cha chuma. Akakiweka juu ya kitambaa mbele yangu. Kilikuwa kinang'aa juu, rangi ya shaba.

"Makhzan imejaa, Bi Mahfudha."

"Nini imejaa?"

"Makhzan," akasema, akakigonga kwa ukucha. "Hii. Pahala pa risasi. Sisi tunaiita makhzan. Nyinyi kwa Kiswahili mnaiitaje?"

Nilikuwa namsikia Majid. Neno moja, pumzi, neno la pili. *Angalia, risasi zimo makhzan.* Hakuwa ananambia nikaangalie kwenye chumba cha mchele. Alikuwa ananambia nijihadhari. Alitumia pumzi zake za mwisho kunambia bastola ina risasi, nami nikaenda kuhamisha masufuria. Ule mkebe wa biskuti ulikuwa akiba tu. Kwa miaka kumi na tisa niliwaandikia waalimu ripoti kali kwa kukubali jibu la mwanafunzi kabla ya kuona njia aliyoipita. Nikawa nimelikubali jibu langu mwenyewe kwa sababu ya mkebe.

Badr akakivuta kile kipande cha juu, akachungulia, akaingiza kidole. "Humu kwenye mtutu hamna, zote saba zimo kwenye makhzan. Ulijaribu kuivuta hii?"

"Nilijaribu. Vidole vilishindwa."

"Na triga ulibonyeza?"

"Mara mbili. Ikalia tak."

Akavuta pumzi. "Ikilia tak si kama haina risasi. Ni kama risasi haijapanda. Ungeivuta hii mara moja tu, ya kwanza ingepanda. Halafu ukibonyeza..." Aliniona uso. "Nani mwengine kaishika?"

"Hakuna. Nilimwita mtu anivutie, akakataa."

"Basi mtu huyo umshukuru sana," akasema Badr.

Nikaomba maji. Nikaishika glasi kwa mikono miwili. Nilimwona Veneranda mlangoni na ufagio wake. Nilimwelekezea mimi. Nilibonyeza nikacheka. Na baada ya hapo nilitaka avute kwa mikono yake mwenyewe, na kama angenitii, ningemrudisha mlangoni tuanze tena, maana ndivyo nilivyokuwa nimepanga.

Badr hakunikemea. Angenikemea ningepata nafuu. Akaniletea maji mengine, akasubiri, kisha akaendelea na kazi yake, kwa sauti ile ile. Akanifundisha kwamba kila silaha ni ya kuhesabiwa ina risasi, hata ukiwa umeitoa mwenyewe dakika ile. Kwamba kidole kinakaa nje mpaka wakati wake. Kwamba mtutu hauelekezwi kwa kitu usichotaka kukipoteza. Akanikunjua vidole, akavitazama, akasema bastola ya Majid si ya mkono wangu; kama ni yeye angenichagulia ya aina nyengine, yenye duara la risasi katikati, ambayo haina kitu cha kuvuta. Akanipa moja isiyo na kitu, baada ya kunionyesha kila tundu, na kunifanya nitie kidole nihakikishe mwenyewe. Ilikaa mkononi vizuri. Nilijichukia kwa kuona vile.

"Sasa nakuuliza," akasema. "Utaiweka wapi?"

"Ndani ya kasha. Lililofungiwa ukutani."

"Risasi?"

"Pahala pengine. Na funguo pengine."

"Nani anakaa nyumbani?"

"Mimi na Veneranda."

"Yeye anajua itakavyokuwa, na amekubali?"

Nikageuka nikatazama nje, kwenye kimgahawa.

"Haya. Ukisikia kishindo, unafanya nini kwanza?"

"Natoka nayo nikaangalie."

"La. Unafunga mlango wa chumba, na mwenzako yuko ndani. Unapiga simu polisi. Unakaa. Hutoki."

"Sasa bastola ya nini?"

"Hilo ndilo suali," akasema Badr, akatabasamu kidogo. "Watu wengi wanakuja kwangu wana jibu, suali hawana. Bi Mahfudha, wewe ukija mara sita, saba, utajua na utapasi. Sikutii moyo bure. Karatasi ziko mbili: hii ya kuomba, hii ya kurudisha. Hii ya mzee itabaki kwangu, siwezi kukuachia utoke nayo leo. Wewe jaza unayoitaka."

Nikamwambia nampa jibu kabla hajafunga.

*

Nikasimama mlangoni, upande wa kivuli. Veneranda alikuwa amenipa mgongo, anaongea na simu kwa Kihaya, anacheka.

Hakuna aliyejua isipokuwa Badr, na Badr hamjui Veneranda. Ningeweza kukaa nikaagiza chai. Mkataba wa Veneranda ulikuwa umebakiwa na miezi miwili, na nilikuwa natarajia autie saini tena. Nikimwambia, ataondoka, nani asingeondoka? Akiondoka, Hisham haniachii siku moja peke yangu. Nikinyamaza, nakuja kwa Badr mara saba, napata rukhsa, nakaa nyumbani kwangu mpaka nitolewe na jeneza. Niliyafikiri yote hayo, na sitajifanya sikuyafikiri. Nilisimama pale muda wa kutosha muuza matairi kuniuliza kama nimepata pancha.

Nikaenda nikakaa mbele yake. Akakata simu.

"Veneranda, siku ile nilipokuita univutie ile bastola."

"Ndiyo, mama."

"Ilikuwa na risasi. Mimi sikujua. Nilidhani zimo stoo, kumbe makhzan anayosema marehemu ni hiyo ya ndani ya bastola. Zilikuwa saba. Ungevuta ingekuwa tayari, na mimi ningekuelekezea tena, ningebonyeza. Ningekuua."

Akanitazama. Mhudumu wa mgahawa alileta chai yangu ambayo sikuiagiza, akaondoka.

"Siku ile uliyosema nimeshakufa," akasema.

"Siku ile."

Aliiweka glasi yake mezani, akaisogeza mbali kidogo na ukingo. "Ulikuwa na risasi saba, ukanielekezea."

"Ndiyo. Nisamehe, Veneranda. Na kwa kukuita mwoga, nisamehe. Na kwa zile siku tatu."

Hakusema amenisamehe. Akachukua mkoba wake. "Naomba unipeleke Ruwi, mama. Siyo kwenye ndizi. Kanisani."

Nikampeleka. Njia ni fupi. Akateremka getini, akajifunga kitambaa kichwani, akaingia. Mimi nikageuza gari kivulini nikangoja. Sikuwasha redio.

Nilikaa saa nzima na zaidi. Hisham akapiga kuuliza fundi kasemaje, nikamweleza kila kitu, hata ile ya kucheka. Nilimsikia akikaa chini. Alisema "Mama," kisha akasema tena "Mama," na kwingine hakufika. Nikamwambia nitampigia.

Veneranda alipotoka macho yalikuwa mekundu lakini uso umetulia. Akaingia, akafunga mkanda, akaweka mkoba miguuni.

"Mama, zile siku tatu," akasema, "nilikuwa nakula jikoni peke yangu. Nikimaliza nasali. Nilimwambia Mungu anisamehe kwa kukukatalia. Nilisema, huyu mama mumewe amekufa, ameniomba kitu kidogo, mimi nimemwonyesha kiburi. Kila siku, siku zote tatu. Nikaweka nadhiri kwamba ukiniomba tena nitashika." Akatazama mbele, kwenye kioo. "Leo nimeingia kumwambia kwamba ile nadhiri naivunja."

Nililia. Nililia vibaya, kwa sauti, mtu mzima na buibui langu, watu wanapita. Yeye hakunigusa na hakulia. Alingoja nimalize, kama mimi nilivyomngoja.

Nilipoweza kusema nikamwuliza jambo ambalo nilipaswa kumwuliza tangu Ijumaa ile. "Mwenye kulala mle ndani ni mimi na wewe. Tukae na bastola, au irudi polisi?"

"Irudi."

"Ikirudi tunahamia Sib. Nimemwahidi Hisham."

"Najua. Nilikuwa nasikia, nilikuwa naosha vyombo." Akafikiri. "Nyumba ile naipenda na mimi. Lakini irudi."

Nikawasha gari tukarudi Wadi Kabir. Safari hii aliingia na mimi. Badr akaniletea karatasi ya kurudisha, nikaijaza kwa mwandiko wangu bora. Kisha akazitoa zile risasi kwenye makhzan moja moja, akawa anazitia ndani ya bahasha ili aiandike idadi. Veneranda alisimama kando ya meza, mikono nyuma, akizihesabu naye kwa sauti ya chini, mpaka saba. Alipomaliza aliniambia tunaweza kwenda.

Nikamwuliza kwenye gari. Nilishindwa kungoja. "Na mkataba? Utakuja na mimi Sib?"

Akafunga mkanda kwanza. "Nitakuja, mama. Lakini chumba nitakachopewa, mlango wake nautaka uwe na kitasa. Cha kufungia kwa ndani."

Nilitaka kumwambia kwamba kwa Hisham hakuna haja. Nikajizuia. "Utakipata," nikasema.

Tulipofika nyumbani sikuvua hata buibui. Nikampigia Hisham, nikamwambia bastola imerudi, ameshinda, mwisho wa mwezi ninakuja. Na kwamba kabla sijafika, chumba cha Veneranda kitiwe kitasa kwa ndani, kizuri, siyo cha bati.

"Inshallah, mama. Lakini kitasa cha nini?" akauliza, kwa upole wake ule. "Huku kwetu hakuna wezi."

Veneranda alikuwa jikoni anaweka sahani mbili mezani. Mlango ulikuwa wazi, na nadhani alikuwa anasikia.

"Si kwa ajili ya wezi," nikamwambia. "Mwite fundi tu."